Majina ya Mitaa ya Nairobi kama Kumbukumbu ya Uhamiaji

Utangulizi

Mtu anayetaka kuisoma historia ya Nairobi huenda akaanzia maktabani, akafungua vitabu vya sheria za kikoloni, ramani na ripoti za wapangaji wa mji. Njia hiyo ni njema. Hata hivyo, kuna hati nyingine iliyo wazi kwa kila mpita njia, nayo ni majina ya mitaa. Anayetoka kituo cha reli kwa miguu akapitia Muthurwa na Gikomba, akaingia Pumwani, akageukia Kariokor, kisha akafika Pangani na Eastleigh, atakuwa amepita katika lugha zisizopungua tano na katika vita vikuu viwili vya dunia. Atakuwa pia amepitia maisha ya vizazi vinne vya watu waliokuja mjini kutoka sehemu mbalimbali. Huenda asiyatambue haya yote kwa kuwa majina tumeyazoea, na kilichozoeleka aghalabu hakiulizwi maswali.

Makala haya yananuia kuonyesha jinsi majina ya mitaa ya Nairobi yanavyohifadhi habari za uhamiaji na mabadiliko ya mji. Tutaangalia nani aliyelitoa jina, limeundwa vipi kisarufi, na linasema nini kuhusu haki ya mtu kuishi mahali hapo. Hoja yetu ni kwamba majina haya si mapambo. Kwa wakazi wengi ambao hawajawahi kuwa na hatimiliki, jina la mtaa ndilo ushahidi wa pekee kwamba waliwahi kuwapo. Maadamu mitaa mingi ya zamani inabomolewa ili kupisha majengo mapya, suala hili linawahusu wanafunzi wa Kiswahili sawasawa na linavyowahusu wanahistoria.

Maji Baridi na Reli

Jina Nairobi lenyewe lina asili ya Kimaasai, na hueleza ubaridi wa maji. Majina mengine kadhaa yanayouzunguka mji yana asili hiyo hiyo: Lang'ata, Embakasi, Ngong, Kiserian. Kileleshwa nayo huhusishwa na leleshwa, kichaka chenye majani ya rangi ya fedha ambacho Wamaasai wamekitumia tangu kale. Wamaasai wenyewe walisukumwa mbali na sehemu kubwa ya malisho yao kwa mikataba ya mwaka 1904 na 1911. Hivyo basi, katika hatua hii ya kwanza tunakutana na jambo litakalojirudia: watu huondolewa, jina likabaki.

Reli kutoka Mombasa ilifika katika uwanda huu mwaka 1899. Ujenzi wake ulikuwa umeanza mwaka 1896 na ukawaleta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi. Wengi wao walirudi kwao, wengine walifariki, na baadhi walibaki wakawa wafanyabiashara, mafundi na makarani. Barabara ambayo leo ni Biashara Street zamani ilijulikana kwa jina la bazari ya Wahindi. Neno la Kiingereza na Kihindi liliondolewa, la Kiswahili likaingia, lakini maana ikabaki palepale: mahali pa kununua na kuuza.

Karibu na kituo cha reli kulijengwa vyumba vya wafanyakazi. Vyumba hivyo viliitwa landi, neno lililoletwa na Wahindi, na hadi leo barabara inayopita Muthurwa inaitwa Landhies. Wapenzi wa fasihi ya Kiswahili wanaikumbuka barabara hiyo kwa huzuni, kwa kuwa ndipo Ken Walibora alipogongwa na gari mwezi Aprili mwaka 2020 na kupoteza maisha. Vyumba vya landi vilimlenga mwanamume asiye na mke wala watoto, au aliyewaacha kijijini. Serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika mjini kuwa mpita njia, mtu aliyekuja kutoa nguvu zake kisha arudi kwao. Sheria ya kipande iliyopitishwa mwaka 1915 na kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ilimlazimu mwanamume Mwafrika kubeba shingoni kitambulisho kilichoeleza ametoka wapi na anamfanyia nani kazi.

Pangani, Pumwani na Shauri Moyo

Pamoja na vikwazo hivyo, Waafrika walijijengea vijiji vyao pembezoni mwa mji mapema sana. Miongoni mwa majina ya vijiji hivyo ni Mombasa, Maskini na Pangani. Majina haya yanaonyesha wazi ni nani waliokuwa wa mwanzo kufika. Mombasa ni mji wa pwani tunaoujua. Pangani ni mji ulioko kwenye mlango wa Mto Pangani katika pwani ya Tanzania, mojawapo ya milango ya misafara ya biashara ya karne ya 19. Waliokuja bara pamoja na misafara na baadaye na reli walikuja na lugha yao, dini yao, mtindo wao wa kujenga nyumba, na majina ya makwao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920, serikali ya mji iliamua kuwakusanya Waafrika mahali pamoja ambapo ingeweza kuwasimamia. Hapo ndipo Pumwani ilipoanzishwa. Vijiji vya awali vikaanza kubomolewa kimoja baada ya kingine. Pangani ilidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1930, kisha nayo ikavunjwa na wakazi wake wakahamishiwa mtaa mpya uliojengwa na manispaa. Inasimuliwa kwamba walipoambiwa wahame, waliuona uamuzi wa kwenda au kutokwenda kuwa shauri la moyo wa kila mtu. Mtaa mpya ukaitwa Shauri Moyo.

Simulizi hii ina uzito wake. Pangani mtu alikuwa na nyumba yake mwenyewe, akiwapangisha wengine vyumba. Huko alikopelekwa alikuwa mpangaji wa manispaa. Waliopoteza hawakuwa wanaume peke yao. Watafiti waliochunguza historia ya Pumwani na Pangani, kama Janet Bujra na Luise White, wameonyesha kwamba wanawake wengi walikuwa wenye nyumba katika mitaa hiyo. Walikuwa wamekimbia ndoa ngumu, njaa au ukiwa vijijini, wakafika mjini, wakafanya kazi za kila namna, zikiwamo zile ambazo jamii inazikemea, na wakatumia akiba yao kujenga. Wengi wao walisilimu, wakachukua majina mapya na kujiita Waswahili. Uswahili wa Pumwani, kwa hiyo, haukuwa wa nasaba tu. Ulikuwa pia namna ya mhamiaji kupata ukoo mpya mahali ambapo ukoo wa kuzaliwa ulikuwa mbali au umemkataa.

Kuhusu jina Pumwani, maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba linatokana na kitenzi pumua, yaani mahali pa kupumulia au kupumzika. Mwanafunzi wa sarufi ana haki ya kusita kidogo. Kiambishi tamati -ni cha mahali kwa kawaida hufungamana na nomino: ziwa ikatoa Ziwani, ghorofa ikatoa Gorofani, mlima na kilima zikatoa Mlimani na Kilimani. Kitenzi kuchukua -ni ya mahali moja kwa moja si kanuni ya kawaida. Haimaanishi kwamba maelezo ya wazee ni ya uongo, kwani majina ya mahali mara nyingi huvunja kanuni. Hata hivyo, huu ni mfano mzuri wa tahadhari inayotakikana. Maelezo ya asili ya jina na asili yenyewe ni vitu viwili. Wakati mwingine maelezo huja baadaye, yakaeleza jinsi watu walivyotamani mahali pao pawe. Hata yakiwa ya baadaye, bado yana thamani, kwani yanatuonyesha fikra za wakazi.

Majengo, jina la sehemu ya Pumwani, halihitaji ufafanuzi wa kisarufi. Linahitaji ulinganisho. Kuna Majengo Mombasa, Majengo Nanyuki, Majengo Moshi. Kaloleni nayo iko Nairobi, iko Kilifi, iko Kisumu na iko Arusha. Majina haya yanafanana na shanga za uzi mmoja, na uzi huo ni watu waliohama kutoka mji mmoja wa Afrika Mashariki hadi mwingine wakiwa na Kiswahili chao.

Majina Yaliyotoka Vitani

Kariokor ni jina ambalo Mkenya hulitamka kila siku bila kufikiri kwamba ni la Kiingereza. Linatokana na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, kilichobeba mizigo ya jeshi la Waingereza katika vita dhidi ya Wajerumani Afrika Mashariki kati ya mwaka 1914 na 1918. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao walikufa, wengi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Dar es Salaam wana Kariakoo, Nairobi wana Kariokor. Ni neno moja lililotamkwa na watu wa aina moja kwa lafudhi mbili. Afisa wa Kiingereza aliandika jina la kikosi katika daftari lake. Mpagazi alilitamka kwa ulimi wake, na matamshi ya mpagazi ndiyo yaliyodumu. Tunaosoma fonolojia tunaweza kulitumia neno hili kufundishia utohozi, lakini tusisahau kwamba ndani ya silabi zake kuna makaburi yasiyo na alama.

Vita vya Pili vya Dunia navyo viliacha alama. Soko la Burma, karibu na Shauri Moyo, linalojulikana sana kwa uuzaji wa nyama, linatukumbusha askari wa Afrika Mashariki waliopigana na Wajapani katika misitu ya Burma, nchi ambayo leo ni Myanmar. Mtaa wa Kaloleni ulijengwa katika miaka hiyo ya 1940. Ukumbi wake ulikuwa miongoni mwa mahali ambapo wafanyakazi wa Nairobi walikutana kujadili siasa, hata ukafananishwa na bunge.

Mbotela na Ofafa ni mitaa inayotupeleka katika Hali ya Hatari ya miaka ya 1950. Tom Mbotela, kiongozi wa siasa za wastani, aliuawa mwaka 1952. Alikuwa mwana wa James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichochapishwa mwaka 1934 na kinachojulikana na kila msomaji wa historia ya nathari ya Kiswahili. Kitabu hicho kinasimulia habari za watu waliotekwa, wakaokolewa na kupewa makao Freretown, karibu na Mombasa. Ambrose Ofafa alikuwa diwani na kiongozi katika umoja wa Waluo, naye aliuawa wakati huo huo wa machafuko. Jina lake limebaki katika Ofafa Jericho na Ofafa Maringo.

Tukiyatazama majina haya mawili kwa makini, tunaona siasa ya kutoa majina. Mnamo tarehe 24 Aprili 1954, serikali ya kikoloni ilianzisha operesheni iliyoitwa Anvil. Maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa mjini, wengine wakapelekwa kambini na wengine wakarudishwa kwa nguvu vijijini. Katika miaka hiyo hiyo, manispaa iliipa mitaa yake majina ya viongozi iliowaona kuwa watu wa wastani. Waliofukuzwa hawakupewa mtaa. Jina la mtaa, basi, laweza kuwa kumbukumbu na laweza kuwa usahaulifu kwa wakati mmoja.

Kibra au Kibera?

Hakuna mahali ambapo herufi moja imebeba uzito kama hapa. Neno la asili ni Kibra, la lugha ya Kinubi, na maana yake ni msitu. Kinubi ni krioli iliyotokana na Kiarabu, nayo ni lugha ya wazawa wa askari wenye asili ya Sudan walioingizwa katika jeshi la Waingereza. Mwanzoni mwa karne ya 20 askari hao na familia zao walipewa ruhusa ya kukaa katika msitu huo, na mwaka 1918 eneo hilo likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi. Lilikuwa na ekari zaidi ya 4,000. Laini Saba, mojawapo ya vijiji vyake, husemekana kuwa ilikuwa sehemu ya uwanja wa kulengea shabaha.

Wahamiaji wengine walifika baadaye kwa wingi, hasa baada ya uhuru: Waluo, Waluhya, Wakikuyu, Wakamba, Wakisii. Kibra ikatamkwa Kibera kwa kuwa ndimi za Kibantu hupendelea konsonanti kufuatwa na irabu. Kwa mwanaisimu, huu ni uchopekaji wa irabu tu. Kwa Mnubi, irabu hiyo iliyoingia ni mfano wa yote yaliyomfika: mahali pake palibadilika jina huku yeye mwenyewe akiulizwa ni Mkenya wa wapi. Kwa miaka mingi vijana wa Kinubi walilazimika kuhojiwa na kamati kabla ya kupewa vitambulisho. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi katika suala la uraia. Jina la asili lilirejeshwa rasmi mwaka 2013 eneobunge jipya lilipoitwa Kibra. Mwaka 2017 jamii hiyo ilipewa hatimiliki ya ekari 288.

Linganisha ekari 288 na zile zaidi ya 4,000. Hapo utaona ni kwa nini mzee wa Kinubi hukazania kusema Kibra. Anapolitamka jina hilo anatoa ushahidi. Wakati huo huo, mpangaji aliyezaliwa Kibera mwaka 1985 naye hana mahali pengine anapopajua vizuri zaidi. Haki ya wa kwanza kufika na haki ya waliofika baadaye zote zimo katika jina moja lenye tahajia mbili, na si kazi ya mwanaisimu kuifuta moja.

Eastleigh: Mtaa Mmoja, Wahamiaji Watatu

Eastleigh lina jina la mji ulioko Uingereza, lakini historia yake haina Uingereza mwingi. Katika miaka ya ukoloni waliokaa huko ni Waasia na Wasomali. Baada ya uhuru, na hasa kutokana na sheria za uhamiaji na za leseni za biashara za mwaka 1967, Waasia wengi walihama, baadhi wakielekea Uingereza kabla milango ya huko nayo haijafungwa mwaka 1968. Nyumba zao zikanunuliwa na Waafrika, wengi wao Wakikuyu. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wakimbizi waliingia mtaani, na nyumba za kulala wageni kama Garissa Lodge zikageuzwa vyumba vya maduka. Leo mtaa huo ni soko linalohudumia nchi nyingi, na umebandikwa jina la Mogadishu Ndogo.

Jina rasmi halikubadilika katika mageuzi hayo yote. Kilichobadilika ni matamshi: Isili kwa wengi, Isich kwa vijana wa Sheng. Lakini jina la utani lina hatari zake. Mwezi Aprili mwaka 2014, katika msako wa usalama ulioitwa Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao wakiwa Wasomali na wakazi wa Eastleigh, na baadhi walikuwa raia wa Kenya tangu kuzaliwa. Mtaa unapoitwa Mogadishu, hata kwa mzaha, ni rahisi zaidi kumtilia shaka aliyezaliwa humo.

Majina ya Ahadi na Majina ya Wakazi

Majina ya mitaa ya Nairobi yanaweza kugawanywa kwa kigezo cha aliyeyatoa. Kundi la kwanza ni majina ya ahadi, yaliyotolewa na wenye mamlaka: Starehe, Bahati, Maringo, Huruma, Umoja, Uhuru, Jamhuri. Haya ni nomino dhahania. Yanaahidi hali ambayo mkazi anatarajiwa kuifikia. Jericho na Jerusalem zinaingia humu pia, kwa kuwa zinaahidi nchi iliyotafutwa na waliotoka utumwani.

Kundi la pili ni majina yaliyotolewa na wakazi wenyewe. Humu mna Mlango Kubwa, ambalo mwalimu wa sarufi angelisahihisha mara moja liwe Mlango Mkubwa. Mna Shauri Moyo isiyo na kiunganishi. Mna Mukuru kwa Njenga na Mukuru kwa Reuben, ambapo neno la Kikikuyu lenye maana ya bonde limefungamanishwa na kwa ya Kiswahili. Mna Kisumu Ndogo, iliyoko Kibera na pia Korogocho. Na mna Kosovo ya Mathare na Soweto ya Kayole, majina yaliyoletwa na taarifa za habari. Mtu aliyelala katika banda lililobomolewa mara mbili husikia redioni habari za watu waliofurushwa makwao huko ng'ambo, akajitambua.

Sarufi ya majina haya ni sarufi ya Kiswahili cha bara, kilichojifunzwa kazini, sokoni na kwenye foleni ya maji. Tusiyadharau kwa kukosa upatanisho wa kisarufi. Upatanisho unapokosekana tunajua kwamba aliyelitoa jina alikuwa mgeni katika lugha, na kwamba aliichagua lugha hiyo kwa sababu jirani yake naye alikuwa mgeni. Sheng ilichipuka katika mazingira hayo hayo ya Eastlands, ambako watoto wa lugha nyingi walicheza katika uga mmoja. Mitaa ikafupishwa na kubadilishwa umbo: Buruburu ikawa Buru, Kibera ikawa Kibich. Na kutoka Dandora, mtaa ulioanzishwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, likatokea kundi la Kalamashaka, lililouonyesha ulimwengu wa muziki kwamba Kiswahili cha mtaani kinaweza kubeba maudhui mazito.

Nyumba na Nyumbani

Swali kubwa linalojificha nyuma ya majina haya ni hili: je, Nairobi ni kwao nani? Kiswahili kinatofautisha nyumba na nyumbani, na Mkenya ameikuza tofauti hiyo. Mwezi wa Desemba mkazi wa Umoja husema anaenda nyumbani, ilhali funguo za nyumba yake zi mfukoni. Tofauti hii ilifika mahakamani mwaka 1987 katika kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno. Mkewe alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo ukadai kwamba mji una nyumba tu, na nyumbani kwa Mluo ni kwa baba zake. Ukoo ulishinda, naye akazikwa Nyalgunga, Siaya.

Kesi hiyo haikuwahusu wote. Mzawa wa Pumwani huzikwa Kariokor katika makaburi ya Waislamu, na Mnubi huzikwa Kibra. Hao hawana Siaya wala Murang'a ya kurudi. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilipozuka na watu wakaambiwa warudi kwao, baadhi walikuwa wameshafika kwao. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini, na katika Mathare na Kibera majirani wa makabila tofauti walihama wakatafuta usalama wa kukaa na wenzao. Jina kama Kisumu Ndogo, lililoanza kama salamu kwa kijiji kilichoachwa mbali, likaweza kusomwa kama mpaka. Huu ni ukumbusho kwamba jina halina maana moja ya kudumu, na hali ya siasa yaweza kuligeuza.

Mji uliokuwa na watu 509,286 katika sensa ya 1969 ulikuwa na watu 4,397,073 katika ile ya 2019. Wamo wengi waliozaliwa humo humo. Kwao neno nyumbani linazidi kuhamia mtaani, na labda hilo ndilo badiliko kubwa kuliko majengo yote marefu yanayoinuka.

Kinachopotea

Mitaa ya zamani ya manispaa imeingizwa katika mipango ya kujenga upya. Nyumba za zamani za Pangani zimekwisha kubomolewa na maghorofa kusimamishwa mahali pake. Hii ni mara ya pili kwa jina hilo kushuhudia watu wakifungasha virago. Katika mitaa ya mabanda hali ni ngumu zaidi. Mwaka 2018 sehemu ya Kibera ilibomolewa ili barabara ipite, mwaka 2021 Mukuru kwa Njenga ikafuatia, na mwaka 2024, baada ya mafuriko, mabanda ya kando ya mito yakaondolewa, Mathare ikiwemo.

Hatusemi kwamba mji usijengwe. Nyumba za chumba kimoja zilizojengwa kwa ajili ya mwanamume asiye na familia si urithi wa kumlazimisha mtu kuishi ndani yake. Tunasema kwamba majengo mapya aghalabu huja na majina mapya, mengi ya Kiingereza, yenye kusifu bustani na mandhari ambazo hazipo. Jina la awali likifutwa katika kibao, ramani na stakabadhi za kodi, mkazi wa zamani anayedai fidia hubaki akitaja mahali ambapo karani hapajui.

Hitimisho

Tumeona kwamba majina ya mitaa ya Nairobi yanatuonyesha waliofika, waliofukuzwa, waliopewa heshima na waliosahauliwa. Tumeona pia kwamba Kiswahili ndicho kilichowawezesha wageni wa lugha nyingi kupaita mahali kwa jina moja. Kazi iliyobaki ni yetu. Idara za Kiswahili katika vyuo vyetu hutuma wanafunzi nyanjani kukusanya ngano, methali na nyimbo za vijijini. Ni vyema ziwatume pia Shauri Moyo, Makongeni na Bahati, wakiwa na daftari na kinasa sauti, wakusanye majina ya mitaa, ya vichochoro, ya visima na ya viwanja vya mpira, pamoja na masimulizi yanayoambatana nayo. Kila simulizi ilinganishwe na ramani za zamani na magazeti rasmi ya serikali, ili tutenganishe kilichotokea na kilichofasiriwa baadaye, na tuvihifadhi vyote viwili. Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji kufanywa mapema, wakati ambapo waliozaliwa katika nyumba hizo wangali hai na nyumba zenyewe zingali zimesimama.